UZI: Masomo ya mhudumu wa nyumbani Marekani: saa za kuanzia, saa za kila mwaka, na vinavyokwamisha watu

Tumbatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, tuyaweke haya sehemu moja. Mtu akiuliza masomo ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani huku Marekani ni saa ngapi, mmoja anamjibu 40, mwingine 75, mwingine 160. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anataja kazi nyingine. Matokeo yake mtu analipia darasa ambalo kampuni aliyoilenga hailihitaji, au anamaliza darasa fupi kisha anaambiwa halitoshi.

Kazi ziko tatu. Ya kwanza ni ya msaidizi wa mambo ya kila siku: kuogesha, kuvalisha, kupika, kumsindikiza mtu chooni. Jimbo moja humwita PCA, jingine HCA. Serikali kuu haikuweka idadi ya saa kwa huyu, kila jimbo limejipangia. New York ni saa 40. California, kwa msaidizi aliye chini ya kampuni, ni saa 5 kabla ya kukutana na mteja (2 za utambulisho wa kazi na 3 za usalama), halafu saa 5 kila mwaka. Washington ni saa 75.

Ya pili ni HHA, yaani mhudumu wa afya nyumbani anayefanya kazi chini ya nesi, kwenye kampuni inayolipwa na Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa ya wazee). Hapa kanuni ni ya taifa zima: si chini ya saa 75. Ndani ya hizo, si chini ya 16 ni za darasani na lazima zitangulie, ndipo zifuate si chini ya 16 za vitendo mbele ya msimamizi. Jimbo linaruhusiwa kuongeza, haliruhusiwi kupunguza. New Jersey wanadai 76, California 120.

Ya tatu ni CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, ambaye kwa asili ni wa nyumba za wazee. Kiwango cha taifa nacho ni saa 75, California wamefika 160. Wengi huanzia huku kisha wanahamia majumbani.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta shule, muulize mwajiri mambo mawili: kazi hii kwenye karatasi zenu inaitwaje, na ni idara gani ya jimbo inayotambua cheti chake. Jina la shule lifuate baadaye, na likaguliwe kwenye orodha ya idara hiyo hiyo. Tangazo la shule lenyewe si ushahidi kwamba imeidhinishwa.

Kisima

Asante mkuu. Kwa HHA, mtihani wenyewe unakuwaje? Kuna wanaosema ni wa kuandika tu.

Tumbatu

Hapana. Mambo matano lazima nesi akuone kwa macho ukiyafanya kwa mgonjwa, au kwa mtu anayeigiza mgonjwa: mawasiliano; kupima na kuandika joto, mapigo na pumzi; usafi wa mwili wote, pamoja na kuosha nywele mtu akiwa kitandani, kinywa, kucha na choo; kumhamisha na kumtembeza; kunyoosha viungo na kumlaza mkao sahihi. Mengine (kuzuia maambukizi, lishe, dharura, mabadiliko ya ngozi na kadhalika) yanaweza kupimwa kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kuangaliwa.

Ukishindwa eneo moja, kazi ile hutaifanya bila nesi kukusimamia mpaka ufundishwe tena na upimwe upya. Ukishindwa zaidi ya moja, umeanguka mtihani mzima. Ndiyo maana ni hatari kukariri maswali 200 na kuacha kushika shuka na mkanda.

Anayefundisha vitendo naye ana sifa zake: nesi aliyesajiliwa mwenye uzoefu wa miaka 2 au zaidi, na angalau mwaka 1 kati ya hiyo uwe wa huduma za nyumbani. Swali hili mna haki ya kuiuliza shule.

Mwanasesere

Niongezee Washington, maana saa zake zina mitego ya tarehe.

Saa 75 za HCA wa kule zimegawanyika: 5 za mwanzo (utambulisho wa kazi na usalama) ni kabla ya kumhudumia mtu yeyote. Zile 70 zinazobaki zinatakiwa ziishe ndani ya siku 120 tangu kuajiriwa. Cheti cha jimbo kiwe kimetoka ndani ya siku 200. Hesabu zote mbili, ya siku 120 na ya siku 200, zinaanza siku moja, ile ya kuajiriwa, na hapo ndipo watu hukosea: wanadhani zile siku 200 zinaanza baada ya kumaliza darasa.

Hesabu iende hivi. Wiki ya kwanza, alama za vidole na fomu ya kuchunguzwa historia ya makosa, kwa sababu majibu hayako mikononi mwako. Wiki hiyo hiyo, ombi la cheti lipelekwe idara ya afya. Usisubiri darasa liishe. Darasa lipangwe limalizike kabla ya siku ya 90, ili ukiumwa au mwalimu akiahirisha kipindi cha vitendo ubaki na nafasi. Mtihani uombe tarehe mara tu unaporuhusiwa. Ukianguka mara ya kwanza unahitaji wiki kadhaa za kurudia, na wiki hizo zinatoka kwenye siku zile zile 200.

Kitu kingine: saa 12 za masomo ya kila mwaka kule zinahesabiwa kuanzia siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzaliwa. Januari hadi Desemba haihusiki, wala tarehe uliyoajiriwa. Kama cheti chako cha kwanza kimetoka na siku yako ya kuzaliwa iko chini ya mwaka mmoja mbele, kipindi hicho cha kwanza hakidaiwi saa.

Kisima

Hapo kwenye siku ya kuzaliwa kuna jambo la kuangalia. Wengi wetu tumezoea kuandika siku kwanza, halafu mwezi. Huku mwezi unatangulia. Aliyezaliwa tarehe 3 Julai akiandika 03/07, mfumo unasoma Machi 7, na tarehe ya mwisho ya masomo yake inarudi nyuma miezi minne bila yeye kujua. Fomu ikiruhusu, andika mwezi kwa maneno. Isiporuhusu, baada ya kutuma fungua akaunti yako usome tarehe waliyohifadhi.

Bi_Karafuu

Na majina. Pasipoti ina majina matatu, kitambulisho cha jimbo kina mawili, cheti cha darasa kimeandikwa jina la kati kama ukoo. Idara inapotafuta saa zako kwa jina haikuoni, unaonekana hujasoma. Amua mapema jina moja, lile lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani, na uliandike herufi kwa herufi kwenye kila karatasi ya mahudhurio. Mwalimu akikosea cheti, kirudishwe kirekebishwe siku ile ile. Miezi sita baadaye huenda shule imefungwa au mwalimu hayupo.

Fundi_wa_Zamu

Wakuu, mwenye CNA anaweza kuingia moja kwa moja kazi ya majumbani? Na kama cheti kimekaa bila kutumika?

Tumbatu

Kanuni ya taifa inamkubali kuwa HHA mtu aliyemaliza mafunzo ya CNA yaliyoidhinishwa na jimbo na ambaye jina lake liko safi kwenye rejesta ya jimbo, yaani orodha rasmi ya wahudumu. Baadhi ya majimbo huongeza saa za ziada za mambo ya nyumbani. California ni mojawapo.

Sasa kukaa bila kutumia. Zikipita miezi 24 mfululizo hujafanya hata siku moja ya kazi hiyo kwa malipo, mafunzo yako yamekufa. Unaanza upya kabla ya kumhudumia mtu. Neno la kushika ni "kwa malipo". Kumtunza mama nyumbani bila mshahara miaka miwili hakukulindi, hata kama umefanya kazi nzito kuliko ya kituoni. Anayekwenda likizo ndefu ya uzazi au anayerudi nyumbani kwa muda mrefu apige hesabu ya miezi 24 tangu zamu yake ya mwisho iliyolipwa, na atunze hati ya mshahara ya zamu hiyo. Ndiyo itakayomtetea rejesta ikidai ushahidi.

Bi_Karafuu

Kwenye malipo ya darasa la CNA kuna haki ambayo wengi hawaijui. Nyumba ya wazee ikikuajiri, au ikikupa barua ya ajira kabla hujaanza darasa, hairuhusiwi kukutoza hata senti ya mafunzo wala ya mtihani, vitabu vikiwemo. Hiyo ni kwa nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo). Na ukijilipia mwenyewe, kisha nyumba kama hiyo ikakuajiri ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linatakiwa liwe na utaratibu wa kukurudishia gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Tunza risiti. Asiye na risiti hana cha kudai.

Hii ni ya CNA wa nyumba za wazee. Kampuni za majumbani zina taratibu zao, kwa hiyo soma mkataba wa mafunzo kabla ya kusaini, hasa kifungu cha ukiondoka kabla ya muda fulani utalipa nini.

Jahazi

Nataka tuongee vitendo, maana huko ndiko watu huanguka. Nitaanza na kumhamisha mtu toka kitandani hadi kiti cha magurudumu, kwa kuwa ndicho kinachoumiza mgonjwa na mhudumu kwa pamoja.

Kiti kiwekwe upande wenye nguvu wa mgonjwa, mshazari kidogo na kitanda. Aliyepooza kushoto, kiti kiko kulia kwake. Funga breki zote mbili, kisha kisukume kwa mkono uone kama kinatikisika. Kunja vikanyagio, vitoke njiani kabisa. Shusha kitanda mpaka nyayo zake zikanyage sakafu bapa. Viatu visivyoteleza vivaliwe akiwa bado amekaa.

Mwache akae ukingoni dakika moja au mbili, umuulize kama anahisi kizunguzungu. Aliyelala usiku kucha presha inaweza kushuka ghafla akiinuka, na anayeruka hatua hii ndiye anayebaki ameshika mtu aliyezimia.

Mkanda wa kumshikia unafungwa kiunoni juu ya nguo, kamwe usiwe juu ya ngozi. Uwe umekaza kiasi kwamba vidole viwili vinapita. Simama mbele yake, miguu imeachana, goti lako likikinga goti lake dhaifu lisikunjike. Mwambie ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, asukume kitanda kwa mikono, na mhesabu tatu pamoja. Akishasimama, geuka kwa hatua ndogo za miguu. Usisokote kiuno. Asikae mpaka ahisi kiti kinagusa nyuma ya miguu yake.

Makosa yanayojirudia: kumnyanyua kwa kumshika makwapani (bega la upande uliopooza huteguka kirahisi mno), kumruhusu akukumbatie shingoni, na kufunga breki moja. Mengine mawili ni ya haraka tu: kumvuta kwa mkono wake, na kutomwambia unachotaka kufanya.

Jahazi

Naendelea, post ya kwanza ilikuwa ndefu.

Mikono: sabuni na kusugua si chini ya sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, chini ya kucha. Vidole vielekee chini maji yatiririke. Bomba lifungwe kwa karatasi kavu. Ukigusa sinki baada ya kusuuza, umerudi mwanzo.

Mapigo: tumia vidole viwili, usitumie dole gumba, maana lina mapigo yake na utahesabu ya kwako. Hesabu dakika nzima. Bila kuachia kifundo cha mkono, hesabu pumzi dakika nyingine, na usimwambie kwamba sasa unahesabu pumzi. Mtu akijua anapumua tofauti. Mitihani mingi ya CNA inavumilia tofauti ya mapigo 4 na pumzi 2 kati yako na mpimaji. Anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha kwa 4, kosa la pigo moja tu tayari ni kosa la manne.

Kuvalisha: upande dhaifu unaingia kwanza kwenye nguo. Kuvua: upande wenye nguvu unatoka kwanza. Ukichanganya hapa, mkono uliopooza unavutwa pasipo na nafasi.

Kuogesha kitandani: macho kwanza, bila sabuni, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Maji ujaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono na mgonjwa mwenyewe athibitishe. Yasivuke nyuzi 43 za Selsiasi, ambazo kwenye kipimo cha huku ni karibu 110. Mwenye kisukari au kiharusi anaweza asihisi yanavyounguza, kwa hiyo jibu lake peke yake halitoshi. Sehemu za siri huoshwa kutoka mbele kwenda nyuma, maji na glavu vimebadilishwa. Sehemu unayoosha tu ndiyo iwe wazi, mwili mwingine umefunikwa.

Meno ya bandia: tandika taulo au weka maji kwenye sinki, yakidondoka yasivunjike. Maji ya vuguvugu, ya moto yanayapinda.

Mfuko wa mkojo: siku zote chini ya usawa wa kibofu, na usiguse sakafu. Ukiuinua juu mgonjwa akiwa anahamishwa, mkojo unarudi kibofuni na maambukizi nao.

Kuna alama ambazo hupotea bila mtu kujua: kubisha hodi, kujitambulisha, kuvuta pazia, kueleza unachofanya, kuacha kengele au simu karibu na mkono wake, kushusha kitanda. Mpimaji anaviangalia hivi kwenye kila zoezi.

Kisima

Jahazi, hapo kwenye kisukari ongeza kucha. Kucha za miguu za mwenye kisukari huzikati. Unaosha, unakausha katikati ya vidole, unaangalia, unaripoti. Kidonda kidogo cha mkasi mguuni kwa mtu mwenye mishipa iliyoathirika kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu.

Jahazi

Kweli kabisa, na nilipaswa kuiandika.

Fundi_wa_Zamu

Tuje saa 12 za kila mwaka. Nini kinahesabiwa na nini hakihesabiwi?

Mwanasesere

Kwa HHA kiwango cha taifa ni saa 12 katika kila kipindi cha miezi 12, chini ya usimamizi wa nesi, na kampuni iwe na kumbukumbu yake. Zinaweza kutolewa hata ukiwa nyumbani kwa mgonjwa, nesi akikufundisha jambo jipya palepale. Hilo wengi hawalitumii. CNA wa nyumba za wazee naye si chini ya 12, na ndani yake lazima kuwe na namna ya kumhudumia mwenye dimensia na kuzuia unyanyasaji. PCA wa New York ni saa 6, HHA wake 12. HHA wa California ni 24 kwa miaka miwili, angalau 12 kila mwaka, kwa hiyo huwezi kuzilundika zote mwaka wa pili.

Vinavyokataliwa mara nyingi ni kikao cha kampuni kilichojadili ratiba na mishahara kikapewa jina la mafunzo, somo lile lile kurudiwa ndani ya kipindi kimoja, kozi ya mtandaoni kutoka kwa mtoaji asiye na idhini ya jimbo lako hata kama jimbo jirani linamkubali, na saa zilizosomwa kabla kipindi hakijafunguka. Kwenye majimbo yenye mtihani wa mwanzo, saa za darasa la msingi nazo kwa kawaida hazigeuzwi kuwa saa za mwaka.

Cheti kinachosimama kina jina lako kamili, jina la somo, tarehe, idadi ya saa, jina la mtoaji, sahihi ya mwalimu, na namba ya idhini kwa majimbo yanayoitoa. Kikikosa idadi ya saa, mkaguzi hana cha kuhesabu, hata kama kimepigwa mhuri mara tatu.

Kipige picha siku unapokipata, uihifadhi nje ya simu pia. Kampuni inatunza nakala kwa ajili ya ukaguzi wake, wewe tunza kwa ajili yako. Ukihama kampuni katikati ya mwaka, omba barua inayotaja saa ulizomaliza na tarehe zake kabla ya siku yako ya mwisho.

Bi_Karafuu

Mimi sikubaliani na tabia ya kuzimaliza saa 12 kwa kubofya kozi za mtandaoni usiku mmoja wa mwisho wa kipindi. Kanuni inaweza kuruhusu, lakini mzee hafaidiki. Saa hizi zifuate hali ya mtu unayemhudumia. Una mteja mwenye kiharusi: soma kumeza na kupaliwa, kulaza upande uliopooza, kuzungumza na mtu aliyepoteza maneno. Una mwenye dimensia: soma kumkataza bila ugomvi, kutangatanga, hasira za jioni. Una mtu wa kitandani: ngozi.

Na nikitaja ngozi, somo zuri la ngozi ni la saa moja tu na linaokoa mengi. Kumgeuza karibu kila saa 2, au kama mpango wa nesi unavyosema. Kuangalia kisigino, nyonga, chini ya mgongo, kiwiko na nyuma ya sikio la mwenye mpira wa oksijeni. Bonyeza penye wekundu kwa kidole kisha achia: pakibaki pekundu bila kugeuka peupe hata kidogo, hicho ndicho kidonda kinaanza, usipakande, ripoti siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na sisi tunapaswa kulijua hilo kuliko vitabu vingi: tafuta mahali palipobadilika rangi kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi, palipo pa moto au baridi kuliko jirani yake, pagumu au palipolegea, au panapouma. Na anapogeuzwa, ainuliwe kwa shuka la kubebea, asiburutwe, maana kuburuta kunachuna ngozi.

Tumbatu

Naunga mkono, ila tusizitupe za mtandaoni. Kwa nadharia (haki za mgonjwa, siri zake, kuripoti unyanyasaji) zinatosha. Zinaposhindwa ni kwenye mikono. CPR (kumfufua mtu ambaye moyo umesimama) ni mfano: kadi ya mtandaoni pekee, bila kukandamiza kifua cha sanamu mbele ya mwalimu, waajiri wengi wa afya wanaikataa. Kwa mtu mzima ni mikandamizo 30 na pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kifua kiachiwe kirudi juu kila mara. Kina hicho huwezi kukijua kwa kutazama video, na mwanafunzi wa mara ya kwanza karibu kila mara anakandamiza kidogo mno.

Kadi inadumu miaka 2, na kuna sababu: maelekezo hubadilika. Mwaka 2025 Shirika la Moyo la Marekani lilibadilisha namna ya kumsaidia mtu mzima aliyekabwa na chakula na bado ana fahamu. Sasa wanafundisha mapigo 5 ya mgongoni kwanza, kisha misukumo 5 ya tumboni, kwa kupokezana. Mwenye kadi ya kabla ya hapo alifundishwa misukumo ya tumboni peke yake.

Fundi_wa_Zamu

Dawa je? Familia nyingi zinataka mhudumu atoe dawa zote, hata sindano ya insulini.

Mwanasesere

Hapo ndipo cheti kinapotea, kuwa makini. Kanuni ya HHA inasema kusaidia dawa ambazo mgonjwa kwa kawaida angejimezea mwenyewe. Yaani kukumbusha, kumletea kisanduku cha dawa cha siku saba kilichopangwa na nesi au na familia, kufungua kifuniko, kumpa maji, kuandika kwamba amemeza. Kupanga kisanduku, kuamua kipimo, kusaga kidonge kwa kuwa anashindwa kumeza: hayo siyo yako mpaka jimbo na nesi waseme. Kusaga ni hatari hasa kwa vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, kwa kuwa kipimo cha siku nzima kinaingia mwilini kwa mara moja.

Majimbo kadhaa yana utaratibu wa nesi kukukabidhi kazi maalumu. Washington, kwa mfano, kuna somo la saa 9 kabla ya kukabidhiwa, na saa 3 nyingine za kisukari kama kazi ni insulini. Hata baada ya masomo hayo, nesi anakukabidhi kwa mgonjwa huyo mmoja. Ruhusa haihami nawe kwenda kwa mgonjwa wa pili, wala mhudumu mwenzako hawezi kukufundisha badala ya nesi.

Familia ikishinikiza, jibu ni moja: mpigie msimamizi wako ukiwa hapo hapo nyumbani, aongee nao.

Kisima

Kuna somo moja halipo kwenye mitaala yao na sisi Waswahili tunalihitaji: saa. Kichwani tunasema saa mbili asubuhi, mkono unaandika 2:00. Kwenye karatasi ya dawa hiyo inasomwa saa nane ya usiku au ya mchana. Mhudumu wa zamu inayofuata anaona dawa ilitolewa saa sita kabla au baada ya ukweli, anatoa tena au anaruka. Dawa ni ile ile, mkono ni ule ule, kosa liko kwenye hesabu ya saa sita. Tumia mtindo wa saa 24 kama kampuni inaukubali: 08:00, 14:00, 20:00. Na usiandike kutoka kichwani, nakili kutoka kwenye saa ya ukutani au ya simu iliyowekwa mtindo huo.

Kwenye ripoti pia, namba na unachokiona. "Leo hali mbaya" haimsaidii nesi. "08:30 amekula robo ya chakula, amekunywa mililita 120, mkojo mililita 150 rangi ya chai, amejibu jina lake lakini hakujua siku" inamfanya anyanyue simu. Yaandike tukio likiwa moto. Ukikosea, piga mstari mmoja ulalo, andika herufi za majina yako na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiuguse.

Bi_Karafuu

Nimeipenda ya saa, Kisima. Hii itolewe kama somo kabisa.

Fundi_wa_Zamu

Swali la mwisho kwangu. Nesi akija kukagua akakuta mhudumu amekosea kitu, cheti kinafutwa?

Tumbatu

Hakifutwi kwa kosa la ufundi. Mgonjwa anayepata pia huduma ya nesi au ya mazoezi ya viungo, nesi hukagua kazi ya mhudumu angalau kila siku 14. Asiyepata huduma hizo, angalau kila siku 60. Akithibitisha upungufu, kampuni inatakiwa imfundishe mhudumu upya na imjaribu upya katika ujuzi ule na mwingine unaohusiana nao. Kosa la kumhamisha mtu, kwa mfano, litaleta pia jaribio la kumtembeza na la kumlaza. Mpaka apite, kazi ile anaifanya chini ya uangalizi. Karatasi ya marudio hayo iombe nakala, uiweke na vyeti vyako vingine.

Kinachokwenda rejesta na kumfungia mtu ni kingine: kumnyanyasa mgonjwa, kumtelekeza, au kuchukua mali yake.